Djugu: Kwa nini vijana wenye kipaji cha mpira hawafiki ku ekipe kubwa?

Ku Fataki, ku Kpandroma, ku Mongbwalu ao ku Iga Barrière, uliza watu wenye miaka zaidi ya thelathini: wakati mko vijana, nani alikuwa anacheza mpira kuwapita wote? Kila mahali watakupa jina, na mara nyingi watabishana kati ya majina mawili. Kisha uliza: leo yuko wapi? Mmoja anaendesha moto mjini Bunia. Mwingine anachimba dhahabu. Mwingine alivuka Ziwa Albert na hajarudi. Mwingine alikufa. Jibu la kusema "anacheza Linafoot" linasikika mara chache sana, na la kusema "yuko Léopards" halisikiki kabisa.

Wengi wanafikiri ni bahati mbaya, ao ni ulozi, ao ni Kinshasa hawatupendi. Makala hii inaeleza njia ambayo kijana anapaswa kupita, mahali ambapo njia hiyo inakatika kwetu, na mambo ambayo wazazi na makocha wanaweza kufanya bila kungoja mtu yeyote.

Njia iko namna gani

Mpira wa inchi yetu unaongozwa na FECOFA. Chini kabisa kuna cercle na entente, ambazo zinaandikisha ekipe za eneo na kutoa lisansi kwa wachezaji. Juu yake kuna ligi ya jimbo. Juu ya ligi ya jimbo kuna Linafoot, yaani shindano la taifa, lenye divisheni ya pili na ya kwanza. Ekipe za juu za Linafoot ndizo zinazokwenda ku mashindano ya Afrika, na hapo ndipo watu wa Ulaya na wa timu ya taifa wanaangalia.

Ituri ilikuwa jimbo mwaka 2015. Mbele ya hapo ilikuwa wilaya ndani ya Province Orientale, na makao makuu yalikuwa Kisangani. Maana yake, kwa miaka mingi kijana wa Djugu alipaswa kuonekana Bunia, kisha Kisangani, ndipo aonekane na taifa. Leo ngazi moja imepungua, lakini Kinshasa na Lubumbashi, kwenye ekipe zenye nguvu kama Vita Club, Motema Pembe na TP Mazembe, hazifikiwi kwa barabara. Ni ndege, na ndege ni makuta.

Njia ya ndani ya inchi si ya uongo. Kuna shindano la CHAN, ambalo linakubali tu wachezaji wanaocheza ku ligi ya inchi yao. Kongo ilishinda CHAN ya kwanza mwaka 2009 kule Côte d'Ivoire, na ikashinda tena mwaka 2016 kule Rwanda, ilipopiga Mali 3-0 mjini Kigali. Wachezaji wote hao walitoka ku ekipe za hapa.

Lakini timu kubwa ya taifa inapita njia nyingine pia. Ku CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Léopards walitoa Misri na Guinea na kumaliza nafasi ya nne. Ndani ya timu ile, Cédric Bakambu, Yoane Wissa, Arthur Masuaku na Gaël Kakuta wote walizaliwa Ufaransa na kujifunza mpira kule. Hakuna ubaya, ni watoto wa Kongo. Lakini kijana wa Djugu ajue: nafasi anayoitafuta anashindania na mtoto ambaye tangu miaka minane alikuwa na kocha, daktari, kiwanja cha majani na mechi kila juma.

Miaka inayokatika

Makocha wanakubaliana juu ya jambo moja: miaka ya kati ya 12 na 19 ndiyo inamtengeneza mchezaji. Hapo mtoto anatoka ku mchezo wa mtaani na kuanza kujifunza kusimama ku nafasi yake, kucheza na wengine, kuvumilia dakika 90. Akikosa miaka hiyo, kipaji kinabaki, lakini mchezaji hatengenezwi.

Sasa hesabu na historia yetu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1988 alikuwa na miaka 11 vita vya Ituri vilipoanza mwaka 1999. Alikuwa na miaka 15 wakati askari wa Ulaya wa operesheni Artémis walipoingia Bunia, Juni 2003. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2005 alikuwa na miaka 12 machafuko ya Djugu yalipoanza tena, Desemba 2017. Mwaka 2018 wakati watu kwa maelfu walivuka ziwa kwenda Uganda, alikuwa ku miaka 13. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu zaidi ya 60 walipouawa ku kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, alikuwa na miaka 16 ao 17.

Vizazi viwili, na vyote viwili vilipigwa ku umri uleule. Miaka ambayo mtoto wa mahali pengine alikuwa anacheza ligi ya wadogo, mtoto wa Djugu alikuwa anakimbia.

Na si risasi tu. Barabara ya taifa namba 27, ile inayotoka Bunia kupita Iga Barrière na Fataki kuelekea Mahagi, ikifungwa ao ikiogopesha, ekipe haiwezi kwenda kucheza ugenini. Shindano linaanza na halimaliziki. Kambi ya wakimbizi ikijaa, kiwanja kinakuwa mahali pa mahema. Shule ikichomwa, michezo ya shule inakwisha nayo. Tena ku Djugu kuna jambo jingine ambalo linauma: kijana wa jamii moja hawezi kila mara kwenda kucheza ku ekipe ya sehemu ya jamii nyingine, hata kama ekipe ile ndiyo iko na kocha mzuri. Mpira ambao ungewaunganisha unabaki umegawanyika kama vijiji.

Kisha kuna dhahabu. Ku Mongbwalu na machimbo mengine, kijana wa miaka 16 anaweza kupata leo jioni makuta ambayo mpira hautampa hata kwa mwaka. Nyumbani kuna wadogo zake wenye njaa. Kumlaumu ni rahisi kwa mtu aliyeshiba.

Kuwa bora ku miaka 16 siyo ahadi

Ni vizuri kujua kwamba hata mahali pa amani wengi wanabaki njiani. Mwaka 2007, ku Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule Korea Kusini, Macauley Chrisantus wa Nigeria alifunga mabao 7, kuliko wote, na Nigeria ikachukua kombe. Alikwenda Hamburg, Ujerumani. Hakuchezea hata mara moja timu kubwa ya Nigeria. Ku shindano lile lile, aliyechaguliwa mchezaji bora alikuwa Mjerumani Toni Kroos, ambaye mwaka 2014 alichukua Kombe la Dunia la wakubwa.

Tofauti inatoka wapi? Sababu ni nyingi: jeraha, klabu isiyofaa, kocha, tabia, bahati. Lakini moja inatuhusu moja kwa moja. Ku miaka 15 ao 16, anayeng'aa mara nyingi ni yule ambaye mwili wake umekomaa mbele ya wengine. Anakimbia kuwapita, anawasukuma, anafunga. Wengine wakimfikia kwa mwili, anabaki bila silaha kama hakufundishwa kutumia akili na mguu wa pili. Ndiyo maana pia ku akademi nyingi za dunia watoto waliozaliwa Januari, Februari na Machi wanakuwa wengi kuliko waliozaliwa mwisho wa mwaka: ku kundi la umri mmoja, wao ndio wakubwa kwa miezi.

Kwa hiyo kocha anayemwacha mtoto mdogo wa mwili kwa sababu "bado ni kadogo" pengine anamwacha yule ambaye angefika mbali.

Karatasi

Tunafika sasa mahali ambapo njia inakatika kimyakimya. Watoto wengi wa Djugu hawana cheti cha kuzaliwa. Sheria ya jamaa inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto ku état civil. Siku hizo zikipita, inapaswa kwenda tribunal kupata jugement supplétif, na hapo safari na gharama zinaanza. Kwa mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, karatasi haikuwa jambo la kwanza.

Miaka inapita. Siku moja kijana anaitwa kwa jaribio, na wanamwomba kitambulisho. Hapo mtu anamwambia: "Tunakutengenezea, lakini tutakata miaka mitatu." Huo ndio mtego. Tangu mwaka 2009 FIFA inapima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI ku Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na mashirikisho ya Afrika yanapima pia. Mwishoni mwa 2022, Kamerun ilipima vijana wake 30 wa chini ya miaka 17 kabla ya shindano la Afrika ya Kati, na 21 wakaondolewa.

Mfano wa Silas Katompa Mvumpa unafundisha. Alizaliwa Kinshasa, akaenda Ulaya, na ku klabu ya Stuttgart alijulikana kama Silas Wamangituka, aliyezaliwa 1999. Juni 2021 klabu ilitangaza kwamba jina na mwaka havikuwa vyake: alizaliwa 1998, na aliyebadilisha alikuwa meneja wake wa zamani, ambaye alimweka kijana chini ya mamlaka yake. Shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumlipisha euro 30 000. Silas alisema ukweli mwenyewe, akarudi uwanjani, na baadaye alivaa jezi ya Léopards ku CAN. Alipona kwa sababu alikuwa tayari amefika na klabu ilimsimamia. Kijana asiye na klabu nyuma yake, akikamatwa, anarudi nyumbani bila kitu.

Meneja anayekuja na gari nzuri

Wazazi, shikeni hili: kwa kanuni ya FIFA, mchezaji hawezi kuhamishwa kwenda klabu ya inchi nyingine mbele ya kufikisha miaka 18. Kuna ruhusa chache: wazazi wakihama kwa sababu isiyo ya mpira, mtoto akikimbia inchi yake kwa sababu ya usalama, ao akiishi karibu na mpaka. Hii ya mwisho inagusa Mahagi na Aru: nyumba ya mtoto iwe ndani ya kilometa 50 kutoka mpaka, klabu nayo ndani ya kilometa 50 upande wa pili, mtoto aendelee kulala nyumbani kwao, na mashirikisho mawili yakubali.

Mtu akikuambia anampeleka mtoto wako wa miaka 15 kucheza Ulaya ao Uarabuni, na anaomba makuta ya pasiporti na ya tiketi, anakudanganya. Klabu inayomtaka mchezaji kweli haimwombi baba yake auze ng'ombe.

Makuta ambayo ekipe zetu zinaacha

Kuna jambo ambalo viongozi wengi wa ekipe ndogo hawalijui. Mchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Kwa kila mwaka wa kati ya 12 na 15, klabu inapata asilimia 0,25 ya bei. Kwa kila mwaka wa kati ya 16 na 23, asilimia 0,5.

Tufanye hesabu. Kijana alicheza ku ekipe yenu tangu miaka 12 mpaka 17, miaka sita. Siku moja anauzwa dola milioni 1. Miaka minne ya kwanza inawapa dola 10 000, miwili ya mwisho inawapa 10 000 nyingine. Jumla dola 20 000, na kila akiuzwa tena, hesabu inarudi. Tangu Novemba 2022 FIFA iko na ofisi maalum ya kugawa makuta hayo.

Lakini inalipwa klabu iliyoandikishwa, yenye mchezaji aliyeandikishwa. Ekipe inayochezesha watoto bila lisansi, mbele ya FIFA haikumlea mtu. Na kijana mwenyewe, akifika mbali, historia yake inaanza ku klabu ya kwanza iliyomwandika, kama vile hakuwahi kuwa mtoto wa Djugu.

Nini kifanyike kwetu

Amani ndiyo dawa kubwa, na haiko mkononi mwa kocha. Lakini kuna mambo manne ambayo yako mkononi mwetu.

Kwanza, mtoto apate cheti chake mapema, na mwaka wake wa kweli. Mzazi aweke kopi kwa ndugu aliye mjini, maana nyumba inaweza kuungua.

Pili, kila ekipe ya watoto iandikishwe ku cercle ao ku entente, na kocha awe na kaye: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la wazazi, mwaka alioanza, mechi alizocheza. Ekipe ikikimbia, kaye ikimbie nayo.

Tatu, mpira ufuate watoto mahali walipo. Ku kambi za Bunia na za Djugu kuna makocha waliokimbia pamoja na watoto wao. Mipira kumi na kiwanja kidogo vinaweza kuokoa mwaka mzima wa mtoto wa miaka 14.

Nne, shule isiachwe. Anayejua kusoma hasaini kontra asiyoielewa. Tena wengi, hata wenye kipaji, hawatafika Léopards. Anayebaki na diplome anaweza kuwa mwalimu, muamuzi, kocha ao muganga. Asiyebaki na kitu anarudi ku machimbo na jina tu ambalo watu wanalikumbuka.

Likizo ijayo, wakati mashindano ya mitaa yatakapoanza, mzazi amuulize kocha wa mtoto wake swali moja mbele ya kuuliza matokeo: "Mtoto wangu umemwandika?"