Kioo Kinachojua Kuvunjika

Nilikivunja mwenyewe, na niseme hivyo mapema ili msomaji asije akatafuta mchawi. Ilikuwa Jumamosi jioni, tunamhamisha mama kutoka Mbagala kwenda Tabata. Kitanda na kabati vilishatangulia kwenye Kirikuu. Kwenye RAV4 yangu tulibakiza vitu vya mwisho mwisho: ndoo za vyombo, cherehani, na stuli yake ya mninga. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka minne, alikuwa amelala kiti cha nyuma. Nikausukuma mlango wa buti kwa nguvu ya mtu aliyechoka, bila kuona kwamba mguu mmoja wa stuli umechungulia nje. Mlango haukufunga. Ulisikika mlio mmoja mzito, kisha kioo chote cha nyuma kikamwagika kama mchele kutoka kwenye gunia lililotoboka.

Mama alipiga ukunga. Ana kovu kwenye mkono wa kushoto, linaanzia karibu na kifundo na kupanda hadi jirani na kiwiko. Alilipata akiwa msichana, alipoteleza ndani ya nyumba na mkono ukapita kwenye kioo cha dirisha. Kwake yeye kioo kilichovunjika ni kisu, hakuna maelezo mengine. Alimrukia mtoto, akamtoa, tukamvua nguo pale pale barabarani. Punje zilikuwa kwenye nywele, kwenye kola, ndani ya mikunjo ya shingo. Tulizipukuta kwa mwanga wa simu, moja moja. Tulipomaliza tulikuta mikwaruzo miwili midogo nyuma ya sikio. Basi. Hata plasta haikuhitajika. Mtoto akaendelea kulala begani kwa bibi yake.

“Hiki ni kioo gani?” mama akaniuliza, kiganja kimejaa punje. “Mbona hakikati?”

Nimeliendesha gari lile miaka sita. Ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali, na hilo sikuwahi kujiuliza. Nilipoanza kulitafutia jibu nikakuta kwamba limewachukua watu zaidi ya miaka 300, na kwamba linaanzia kwenye mchezo wa wakubwa.

Mwaka 1660, Mwanamfalme Rupert, binamu yake Charles II wa Uingereza, alipeleka London matone ya kioo ambayo tayari yalikuwa yanajulikana kwingineko Ulaya. Kuyatengeneza ni rahisi: kioo kilichoyeyuka kinadondoshwa kwenye maji baridi, kinaganda kikiwa na umbo la kiluwiluwi, kichwa kinene na mkia mwembamba. Ukikipiga kichwa kwa nyundo, kinakuangalia tu. Lakini ukiuvunja mkia, hata kwa kidole, tone zima linalipuka na kuwa unga. Mfalme aliyafurahia, na mwaka 1661 akayafikisha kwa wanasayansi wa Royal Society wayachunguze. Robert Hooke aliyaandikia kwenye kitabu chake cha Micrographia, kilichotoka mwaka 1665. Waliona jambo lenyewe vizuri kabisa. Kulieleza ndiyo ikawa kazi.

Leo tunaweza kulieleza bila hesabu. Tone likiingia majini, ngozi yake ya nje inapoa na kuganda kwanza. Ndani bado kuna moto. Baadaye ndani nako kunapoa, kunataka kusinyaa, lakini ngozi imeshakuwa ngumu na haisogei. Matokeo yake ndani kunavuta na nje kunabanwa. Fikiria timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa. Ukiwatazama kwa mbali utadhani wamesimama tu, wametulia, kumbe kila msuli umekaza. Ufa hauanzi kirahisi kwenye ngozi iliyobanwa, ndiyo maana nyundo inashindwa. Lakini ufa ukipenya mpaka ndani, ni sawa na kuikata ile kamba: wote wanaanguka kwa pamoja.

Na wanaanguka haraka. Mwaka 1994, Srinivasan Chandrasekar wa Chuo Kikuu cha Purdue na Munawar Chaudhri wa Cambridge walichapisha utafiti wa matone hayo kwa kutumia picha za kasi kubwa. Waliona ufa ukikimbia kutoka mkiani kwenda kichwani kwa zaidi ya mita 1,400 kwa sekunde, na njiani ukigawanyika kila mara kuwa nyufa mbili. Hiyo ndiyo sababu hupati vipande vikubwa. Ule mlio mmoja niliousikia Mbagala ulikuwa nyufa zisizohesabika zilizopita kwa wakati ambao sikio haliwezi kuugawa.

Kutoka kwenye mchezo hadi kwenye matumizi palikuwa na safari ndefu. Mwaka 1874, Mfaransa François Royer de la Bastie alisajili njia ya kukaza kioo kwa kukichovya, kikiwa cha moto, kwenye mafuta. Bilauri zake zilidondoka sakafuni zikabaki nzima, watu wakashangaa. Tatizo ni kwamba baadhi zilikaa mezani kwa utulivu, bila kuguswa na mtu, kisha zikapasuka zenyewe. Mimi hapo namwonea huruma huyo bwana. Alishajua namna ya kuweka nguvu ndani ya kioo, ila hakuwa amejua namna ya kuisambaza sawasawa.

Kisha yakaja magari. Magari ya mwanzo yaliwekewa kioo cha kawaida, ndugu yake kioo cha dirisha kilichomkata mama. Kwenye ajali, kile kilichomkinga dereva na upepo kiligeuka mapanga. Ufaransa kulikuwa na mtu aliyeitwa Édouard Bénédictus, mkemia na pia msanii wa mapambo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 aliangusha chupa ya maabara. Ilipasuka lakini vipande havikutawanyika, kwa sababu ndani kulikuwa kumebaki utando wa selulosi uliokauka. Mwaka 1909 alisajili ubunifu wake: vioo viwili vyenye utando katikati, kama mkate uliopakwa siagi. Akauita Triplex. Katika Vita Kuu ya Kwanza kioo cha aina hiyo kilitumika kwenye macho ya barakoa za gesi. Na Ford Model A, iliyotoka mwishoni mwa 1927, ilikuja na kioo cha mbele cha namna hiyo. Utando wa mwanzo uligeuka njano kwa jua, mpaka ulipopatikana ulio bora katika miaka ya 1930.

Kwa hiyo, msomaji, ukikaa ndani ya gari lako umekaa katikati ya historia mbili. Mbele yako kuna kioo cha Bénédictus. Hicho kikigongwa na kokoto kinachora utando wa buibui na kubaki mahali pake, kwa sababu dereva lazima aendelee kuona na kichwa chake lazima kisitoke nje. Nyuma, na mara nyingi ubavuni, kuna mjukuu wa tone la Rupert. Kinapashwa moto kupita nyuzijoto 600, kisha kinapulizwa kwa upepo baridi pande zote mbili kwa mpigo. Kikivunjika, kanuni za kimataifa zinadai kila eneo la sentimita 5 kwa 5 litoe vipande visivyopungua 40. Vile vipande vidogo, vya mraba mraba, visivyo na ncha ndefu, havikutokea kwa bahati. Kuna mtu alikaa akahesabu. Usiniamini mimi, angalia pembeni mwa vioo vya gari lako; mara nyingi cha mbele kimeandikwa LAMINATED na cha nyuma TEMPERED.

Nilimweleza mama haya yote kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo hawakutafuta kioo kisichovunjika.”

Hapana, mama. Walikitafuta na hawakukipata. Wakatafuta kinachojua kuvunjika.

Jumatatu nikaenda Gerezani, gari limefungwa nailoni nyuma kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba fundi wa vioo atapima, atakata, atapachika. Fundi, mzee mmoja aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alicheka taratibu. “Dada yangu, kioo cha nyuma hakikatwi. Ukikigusa na msumeno tu, unafagia.” Kumbe ni kweli, na sababu ni ile ile: huwezi kukata kamba ambayo timu zimeikaza ukategemea wabaki wamesimama. Kioo hicho kinakatwa, kinakunjwa na kutobolewa kabla ya kukazwa. Baada ya hapo hakibadiliki. Kile kilichomwokoa mtoto ndicho kilichonifanya nitegemee kioo cha gari la mtu mwingine.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Duka la kwanza walikuwa nacho, safi, na mistari yake ya kuondoa ukungu haijakatika hata mmoja. Bei ilikuwa nzuri mno. Nikapitisha kidole kwenye kona ya chini, nikakuta sehemu imesagwa, ina ukungu kama jicho la mzee. Mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa. Wengi tunachonga namba za magari yetu kwenye vioo, taa na saiti mira ili mwizi apate shida kuviuza. Pale palikuwa na namba, na kuna mtu aliifuta.

“Hii ilikuwa nini?” nikauliza.

“Ni mkwaruzo tu wa safari, sista. Kimetoka Japani hicho.”

Inawezekana. Sina ushahidi, na ndiyo maana silitaji duka. Lakini nakiri kwamba nilisimama pale dakika nzima nikipiga hesabu ya pesa na ya mvua, maana wingu lilikuwa limeshafunga upande wa baharini. Kwenye semina zetu tunapenda kusema kwamba mwandishi ni kioo cha jamii. Ni usemi uliochakaa, na Kiswahili kimeutegea mtego kwa kuliita “kioo” hili la kujitazama na lile la kutazama nje. Siku hiyo niliuona mtego. Kama ningelipa, kila nikiangalia nyuma kwenye foleni ningekuwa natazama kupitia dirisha la mtu aliyeamka asubuhi akakuta gari lake limefungwa nailoni kama langu.

Nikaondoka. Sikuondoka kishujaa, niliondoka nikinung’unika.

Mzee wa miwani ndiye aliyenipeleka kwenye yadi ya jamaa anayenunua magari yaliyopata ajali. Kulikuwa na RAV4 ya toleo kama langu, mbele imekunjamana kama karatasi, nyuma haijaguswa. Namba ilikuwa imechongwa kwenye kona ya kioo, inasomeka vizuri, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kwenye mwili wa gari na kwenye karatasi za mauzo. Sikuuliza waliokuwa ndani wakati wa ajali walifikia wapi. Niliangalia kioo cha mbele. Kilikuwa kimepasuka kila mahali, kimelegea, lakini kilikuwa bado kipo, kimeshikana na utando wake. Nikajifariji kwa hilo.

Kukipachika kulichukua asubuhi nzima. Fundi alifagia, akanyonya punje kwa mashine, akatoa nyingine kwenye mfereji wa mlango kwa brashi ya kupaka rangi. Alikwangua gundi kuukuu lakini hakuimaliza; aliacha tabaka jembamba, akasema gundi mpya inapenda kushika gundi mwenzake kuliko bati. Akasafisha, akapaka dawa ya kushikisha, akazungusha gundi nyeusi kwa mkono usiotetemeka. Wawili wakakibeba kioo na kukilaza mara moja, bila kukisogeza sogeza. Akachomeka nyaya mbili za kuondoa ukungu, akafunga kwa utepe, akatoa masharti: “Leo usioshe gari. Na ukifunga mlango, shusha kioo kimoja kidogo. Upepo ukikosa pa kutokea unasukuma hiki, na gundi bado mbichi.”

Ile namba ya gari la watu bado ipo kwenye kona. Fundi aliniuliza kama anisagie, niweke yangu. Nikamwambia aiache, na yangu aichonge pembeni yake, juu juu, asizame.

Jioni nilimpelekea mama stuli yake. Alizunguka gari, akakigonga kioo kwa kifundo cha kidole, kwa ule mkono wenye kovu. Mtoto alikuwa tayari ameshapanda kiti cha nyuma.

“Shangazi, kile cha zamani kiko wapi?”

Nikafungua droo ya dashibodi, nikampa kipande kimoja nilichokihifadhi. Bibi yake alimwangalia akikizungusha vidoleni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakumwambia mtoto atupe kioo.