Uvujaji wa oili katika pikapu kuukuu: Chanzo na tiba yake

PIKAPU iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000 si ajabu kuonekana katika barabara za humu nchini. Toyota Hilux zenye injini za dizeli za 2L na 3L, zilizoundwa katika miaka ya 1980 na 1990, zingali zinabeba kabeji kutoka Kinangop na mitungi ya maziwa kutoka mashambani.

Aghalabu gari la umri huo huacha doa jeusi mahali lilipolala. Wenye magari huzoea, wakasema ni jasho la uzee. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta. Oili ikipungua kupita kiasi, pampu huanza kufyonza hewa, beringi za krankishafti hukosa ulainisho na injini huweza kukwama katika muda wa dakika chache. Aliyeona sili ni ghali hujikuta akitafuta injini nzima.

Tambua kinachovuja

Si kila tone lililo chini ya gari ni oili ya injini. Tandika kipande cha katoni safi chini ya gari usiku, kisha ukitazame asubuhi. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi na yenye kuteleza. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali. Mafuta ya usukani aghalabu huwa mekundu, nayo maji ya radieta huwa mepesi na mara nyingi yana rangi ya kijani au nyekundu.

Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare, na uandike kiasi unachoongeza kila baada ya kilomita 1,000. Katika injini nyingi, tofauti baina ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti cha kupimia ni takriban lita moja. Iwapo oili inapungua ilhali katoni ni kavu na moshi wa samawati unatoka katika ekzosi, basi injini inaichoma ndani. Huo ni ugonjwa tofauti.

Tafuta chanzo

Oili huteremka chini, na gari likienda kasi upepo huisukuma nyuma. Kwa hivyo mahali tone linapoangukia sipo linapoanzia. Uvujaji wa kifuniko cha vali, ambacho mafundi hukiita tapeti kava, huweza kufika hadi kwenye giaboksi na kumfanya fundi mwenye pupa aishushe bure.

Dawa ni kuisafisha injini ikiwa imepoa, kwa burashi na mafuta ya taa au sabuni ya kuondoa grisi, huku alternata na mdomo wa kuvutia hewa vikiwa vimefunikwa. Isuuze na uiache ikauke kabisa kabla ya kuiwasha. Kisha nyunyiza poda ya mtoto katika maungio unayoyashuku na uliendeshe gari kwa dakika kama ishirini. Ukitumia tochi, utaona mstari wa unyevu katika poda. Sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi ndiyo chanzo.

Kuosha injini asubuhi ya siku ya ukaguzi wa gari hakuzibi tundu lolote.

Kagua upumuaji wa injini

Hatua hii husahauliwa na wengi. Hewa inayopenya kando ya pistoni hutoka kupitia bomba la kupumulia. Bomba likizibwa na masizi, shinikizo hupanda ndani ya injini na kuisukuma oili nje kupitia kila upenyo ulio dhaifu. Lifungue bomba hilo na ulisafishe kabla ya kununua kipuri chochote.

Kisha, injini ikiwa moto na ikinguruma polepole, kifungue kifuniko cha kujazia oili na ukilaze kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, si neno. Kikirukaruka au kurushwa, huku moshi ukifuka kwa nguvu, yamkini ringi za pistoni zimelika. Katika hali hiyo sili mpya hazitadumu, na afadhali pesa ziwekwe kwa ajili ya ukarabati wa injini yenyewe.

Anza na rahisi

Kuna sehemu nne zinazoweza kurekebishwa pasipo gharama kubwa. Kwanza ni gasketi ya kifuniko cha vali. Mpira wake hukauka kwa joto la miaka mingi, ukawa mgumu na kupasuka. Badilisha gasketi, usikaze bolti kwa nguvu ukidhani zitaziba. Kukaza kupita kiasi hupinda kifuniko na kuongeza uvujaji.

Pili ni filta ya oili. Wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umenata kwenye injini, na ile mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili haiketi vyema, na oili yaweza kumwagika yote kwa ghafla. Hakikisha mahali pake ni safi, paka mpira mpya oili na uikaze filta kwa mkono.

Tatu ni swichi ya shinikizo la oili, ambayo huvujia penye waya wake. Nne ni wasa ya bolti ya kumwagia oili, ambayo yafaa ibadilishwe pamoja na oili.

Sili ya mbele na mkanda wa taimingi

Katika injini za 2L na 3L, uvujaji wa hapa ndio wa kuogopwa zaidi. Mkanda wa mpira huzungusha kamshafti na pampu ya dizeli, nazo sili za krankishafti na kamshafti zipo nyuma yake. Sili ikivuja, oili huulowesha mkanda na kuulainisha hadi ukatike au uruke meno. Hapo pistoni hugonga vali, na gari huzimika papo hapo, pengine kwenye mteremko wa Mai Mahiu likiwa na shehena.

Mkanda uliolowa oili hausafishwi, hubadilishwa. Kanuni ya busara ni kubadilisha mkanda, rola yake na sili hizo kwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile. Mkanda wenyewe hubadilishwa kila kilomita 100,000.

Fundi anapoitoa sili ya zamani, mtake apapase krankishafti kwa ukucha. Iwapo sili imechimba mfereji, mpya iingizwe kwa kina tofauti kidogo ili ukingo wake uguse chuma kisicholika, bila kuziba njia ya oili, au shafti ivishwe pete nyembamba ya kurekebishia. Ukingo wa sili upakwe oili, na isigongwe kwa nyundo upande mmoja.

Sampu na sili ya nyuma

Kasha la chini, yaani sampu, mara nyingi huzibwa kwa silikoni. Nyuso zote mbili lazima ziparuzwe hadi ziwe safi na kavu, na mstari wa silikoni uwe mwembamba usiokatika. Inayozidi hupenya ndani, ikamenyeka na kuziba chujio la pampu. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifurushi kabla ya kujaza oili.

Oili inayotona baina ya injini na giaboksi, baada ya sehemu za juu kuthibitishwa kuwa kavu, hutokana na sili ya nyuma ya krankishafti au ile ya giaboksi. Harufu itakuambia ni ipi. Giaboksi lazima ishushwe, na kwa hivyo kagua sahani ya klachi na beringi yake kwa safari hiyo hiyo. Klachi iliyolowa oili huteleza gari likipanda mlima. Iwapo ni tone moja tu usiku kucha na klachi haitelezi, kazi hii yaweza kungoja hadi klachi itakapobadilishwa, mradi upime oili kila siku.

Dawa za chupa na usalama

Dawa za kuzuia uvujaji hulainisha mpira mkavu kwa muda, lakini haziponyi sili iliyopasuka. Oili nzito kuliko inayopendekezwa hupunguza matone, ila huchelewa kufika juu ya injini asubuhi ya baridi.

Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Weka vigogo imara au stendi za chuma, na uzibe magurudumu. Oili inayodondokea ekzosi iliyo moto huweza kuwaka, kwa hivyo harufu ya kuungua isipuuzwe.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni wala mtoni. Ikusanye ndani ya mtungi wenye kifuniko na uipeleke kwa wanaoikusanya, na unawe mikono kwa sabuni, kwani huidhuru ngozi.