Bastola ya Babu: Kusoma Chuma

Somo la leo ni la kusoma, lakini si kusoma kitabu. Tutasoma chuma.

Mfikirie mtu wa Uingereza aliyerithi bastola ya babu yake. Jamaa zake husema kwamba babu aliichukua katika vita vya Makaburu, kule Afrika ya Kusini, mwaka 1899 mpaka 1902. Je, ni kweli? Babu amekwisha kufa.

Kwanza awaarifu polisi, maana bastola kuukuu yaweza kuwa na risasi ndani, tena kukaa na silaha bila kibali ni kosa. Pili, asiisugue kwa msasa ili ing'ae. Akiisugua atafuta maandishi yenyewe.

Ubavuni imeandikwa: WEBLEY, MARK VI, 1917. Webley lilikuwa jina la kiwanda cha mji wa Birmingham. VI ni sita kwa tarakimu za Kirumi, yaani namna ya sita, nayo ilikubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915. Hapo hadithi ya jamaa imekwama. Silaha ya mwaka 1917 itapiganaje mwaka 1900? Hata mpini unashuhudia. Mpini wa MARK IV, iliyotoka mwaka 1899 na kutumika katika vita vile, umeviringana kama kichwa cha ndege. Wa MARK VI una pembe chini.

Lakini usiseme haraka kwamba babu alikuwa mwongo. Huenda alipigana vita vile, kisha akapigana na vile vya 1914 mpaka 1918, na katika kusimulia, bastola mbili zikawa moja. Hadithi za jamaa hufanya hivyo mara nyingi, hata kwetu.

Sasa tazama alama ndogo. Mshale mpana maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha maana yake serikali imeiuza. Ikiwa hakuna mshale, bado yaweza kuwa ilifika vitani, kwa kuwa maofisa wengi walijinunulia bastola zao. Taji na fimbo za kifalme zilizopandana ni alama ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1813. Huko silaha hupigwa kwa baruti nyingi kupita kawaida, ionekane kama itapasuka.

Chuma kimesema mahali na mwaka. Nani aliishika, hakisemi, ila kama mwenyewe alichora jina lake. Hilo hutafutwa katika karatasi za jeshi, nazo nyingi za askari wa vita vya 1914 ziliteketea London mwaka 1940 kwa mabomu ya Wajerumani. Kwa hiyo mrithi aiandike hadithi ya jamaa zake vile vile ilivyo, pamoja na kosa lake, na jina la aliyeisimulia, kando ya namba ya bastola.