Vinasaba vya Makaburini na Mabibi Tuliowasahau

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao kwetu Pwani ulistahili kujadiliwa barazani kuliko siasa za kila siku. Wataalamu, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, na David Reich wa Harvard, walichunguza vinasaba, yaani DNA, vya watu 80 waliofariki karne nyingi zilizopita. Wengi walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara.

Joto na unyevu wa kwetu huharibu DNA upesi, ndiyo maana hutafutwa kwenye meno na kwenye mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Iko sehemu ya DNA ambayo kila mtu huirithi kwa mamake pekee, na nyingine ambayo mtoto wa kiume huipata kwa babake pekee. Kwa hivyo hata baada ya miaka 700, upande wa kuumeni na wa kukeni waweza kutenganishwa.

Majibu? Kwa mama, karibu wote walikuwa Waafrika. Kwa baba, sehemu kubwa ilitoka Asia, hasa Uajemi, na kidogo Bara Hindi. Mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Baada ya 1500, damu ya Uarabuni ikazidi.

Basi waliotucheka kwamba Ushirazi ni ngano tupu, wakome. Na wale waandishi wa kikoloni waliodai miji yetu ilijengwa na wageni, nao wakome vilevile. Shanga, kisiwani Pate, palikuwa na Waislamu tangu karne ya 8. Mgeni alikuta mji, akaoa, na wanawe wakazungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao.

Mimi hilo ndilo lililonigusa. Silsila zetu nyingi zataja fulani bin fulani bin fulani hadi ng'ambo, mabibi hawamo. Mifupa imewataja.

Lakini tusiufanye utafiti huu mizani ya kupimana Uswahili. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa wenye nafasi, waliozikwa makaburi ya heshima. Mvuvi, mkulima na mtumwa wa zama hizo bado hawajahesabiwa vya kutosha.