Selimundu
Ugonjwa wa damu wa kurithi. Hauambukizi, wala hauletwi na uchawi. Chembe nyekundu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Kwa mtoto mdogo, vidole huvimba. Mbebaji, mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu, kwa kawaida haugui, tena hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, kama mtafiti Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954. Ndiyo sababu kinasaba hiki hupatikana sana kwenye ukanda wa malaria, wilaya za Kibiti na Rufiji nchini Tanzania zikiwemo. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake ni dhuluma. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, hiyo ni dharura: hata kutoka vijiji vya delta ya Rufiji vinavyotegemea boti, awahishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.