Kasiksi, Divai Nyekundu ya Kalehe

Wazungu wana divai yao ya zabibu, sisi watu wa Kalehe tuna kasiksi. Tangu zamani, huku Buhavu na Buloho, haikufaa kuzungumza mahari, kuita watu wa kulima ao kupatanisha majirani waliogombana bila kibuyu katikati.

Si kila ndizi inafaa. Ndizi ya pombe ukiipika ni chungu, inakausha mdomo, lakini ndiyo inatoa maji mazuri. Tunaizika katika shimo lenye joto la moto, tunaifunika majani na udongo siku tatu ao nne mpaka iive. Tunaimenya, tunaikamua pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha tunachuja. Hapo ni juisi tu, hata watoto wanakunywa. Unga wa mtama mwekundu uliokaangwa ndio unaichachusha na kuipa rangi ile. Tena ukizidisha maji umeiharibu. Wauzaji wengine wanajua tunasema nani!

Kuonja kuna utaratibu. Mwenye nyumba ndiye anakunywa wa kwanza, wageni waone kwamba hakuna sumu. Siku ya kwanza bado ni tamu, ya pili ni kali na inakamata ulimi, na ndiyo wazee wanaipenda. Ikikawia zaidi inakuwa siki.

Lakini mnyauko wa migomba umeingia. Ugonjwa huo ulielezwa Ethiopia mwaka 1968, na mwaka 2001 ulionekana Uganda na Masisi, kisha ukashuka hadi kwetu. Majani yanakuwa manjano, ndizi inaoza ndani, na maji yake hayafai tena. Wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, na kisu pia. Na kazi yetu inaomba majani mengi ya kufunika shimo na mtumbwi, yote yanakatwa kwa kisu kilekile, mgomba kwa mgomba. Juu ya hiyo, kisu kipitishwe motoni kila mara, na ua la mwisho wa mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda.

Mgomba hauna mbegu ya kuweka ghalani. Aina ya zamani ikikufa katika mashamba yote, haiwezi kurudi. Mwenye mashina mazima ya ndizi za pombe atuletee jina lake la Kihavu, na akubali kugawa machipukizi.