Binti wa Kiislamu na Kalamu

Ndugu msomaji, zamani katika pwani yetu mtoto wa kike alipelekwa chuoni akahitimu Qurani, lakini mara nyingi kalamu hakupewa. Wazee walihofu kwamba akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Hofu hiyo ilirithiwa hata watu wakaidhania kuwa ni sheria ya dini. Sivyo hata kidogo.

Tutazame Madina. Bibi Shifaa binti Abdillah alijua kuandika, naye ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaliridhia jambo hilo. Kurasa za Qurani zilizokusanywa wakati wa Sayyidna Abubakar (r.a.) zilikwenda kwa Sayyidna Umar, na alipofariki zikabaki kwa binti yake huyo Hafsa. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu, aliziazima kwake. Ikiwa Qurani iliyoandikwa iliwekwa amana kwa mwanamke, vipi binti yetu asiaminiwe kalamu?

Turudi kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye utenzi wa nasaha, nao unasomwa mpaka leo. Wakati huohuo Unguja, Salme binti Sayyid Said, aliyezaliwa 1844, alikuwa amefundishwa kusoma tu. Akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipotaka kuutwaa ufalme, binti huyo ndiye aliyewaandikia barua. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, kisha akaiacha dini.

Atasema msemaji: "Mwaona kazi ya kalamu!" Lakini Mwana Kupona naye alikuwa mtu wa elimu, na elimu yake aliitumia kumwongoza mwanawe katika dini. Basi kosa si la kalamu. Elimu ikikatazwa haikomi. Hutafutwa kwa siri, pasipo mwalimu wala mlezi.

Unguja ilifunguliwa skuli ya serikali ya wasichana mwaka 1927. Leo hapa Nakwa, Babati, hakuna amkatazaye binti kuandika, lakini hofu ya zamani imebadili sura tu. Binti amaliza darasa la saba, baba asema, "Yatosha." Na ada ya sekondari za serikali iliondolewa tangu 2016!

Nimekaa katika vikao vya mirathi, nikamwona mjane akitia dole gumba juu ya karatasi asiyoijua. Mwenyezi Mungu amempa fungu lake, na katika Suratul Baqara ameamrisha madeni yaandikwe. Fungu hilo atalilindaje asiyeweza kusoma kilichoandikwa?

Enyi wazazi, mpelekeni binti madrasa na shuleni pia, na mumlee kwa adabu. Hiyo ni amana, na kesho tutaulizwa.

Wallahu aalam.